Maji Yarudi Kashani au Yaishie Hapa? Mjadala Juu ya Kuunda Upya Kompyuta Ndogo

Hoja iliyo mezani ni hii: kompyuta ndogo ya mezani, ambayo mwenyewe aliiunda kwa mkono wake na kuipoza kwa maji, ikifika siku ya kufunguliwa na kuundwa upya, je, irudishiwe maji au ihamie kwenye mapezi na feni kama kompyuta nyingine? Siku hiyo humfikia kila aliyeingia katika kazi hii. Kadi ya grafiki imepitwa na wakati, au prosesa mpya inadai ubao mama mwingine, au maji yaliyokuwa maangavu yameanza kuonesha ukungu ndani ya tangi. Pampu inazimwa, mipira inafunguliwa, na mwenye mali anabaki na rundo la vifaa mezani pamoja na uamuzi ambao hakuufikiria siku aliyonunua. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: maji yarudi, lakini kwa sababu moja tu na kwa masharti. Sababu ni kadi ya grafiki inayotoa joto jingi kuliko hewa ya ndani ya kasha dogo inavyoweza kulibeba. Masharti ni kwamba uundaji huu upunguze vitu vya kuharibika na urahisishe ufunguaji utakaofuata. Asiye na sababu hiyo, au asiyeyataka masharti hayo, feni zinamtosha.

Tuanze na kasha lenyewe, maana ugomvi wote umezaliwa na ukubwa wake. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta ubao mama wa mini-ITX, wenye sentimita 17 kila upande, na tangu hapo wapenzi wa kompyuta wamekuwa wakishindana kupunguza ujazo. Mfano unaojulikana sana ni kasha la NCASE M1, lililofika sokoni kwa michango ya wanunuzi mwaka 2013 na kutengenezwa na Lian Li, nayo ya Taiwan. Lina urefu wa milimita 328, kimo cha milimita 240 na upana wa milimita 160, yaani lita 12.6 kwa vipimo vya nje. Humo huingia ubao mama, pawasaplai ndogo ya aina ya SFX na kadi ya grafiki, na ubavuni panabaki nafasi ya feni mbili za milimita 120 pamoja na rejeta yake. Mzunguko wa maji una sehemu chache: pampu na tangi, bloku ya shaba inayokaa juu ya prosesa, bloku nyingine inayofunika kadi ya grafiki, rejeta, mipira na viungio. Kazi yake ni ile ile ya rejeta ya gari: maji huchukua joto panapowaka, hewa hulipokea panapopita upepo.

Wa kwanza kusimama ni mtetezi wa hewa. "Ndugu mwandishi," anasema, "umejifunga mwenyewe. Maji hayaondoi joto, yanalihamisha tu, na mwisho wa safari ni feni zile zile mbili zinazosukuma hewa ile ile ya chumbani. Kipozeo cha mapezi hakina pampu ya kufa, hakina kiungio cha kulegea, hakina maji ya kubadilishwa. Feni yangu ikifa nanunua nyingine na kuifunga kwa skrubu nne. Kwa nini nijitwishe kazi ya fundi bomba ndani ya kompyuta?"

Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu, na anayeuza ndoto za maji anapaswa kuisikia. Feni mbili za milimita 120 zikipitisha kwa pamoja mita za ujazo 120 za hewa kwa saa kwenye rejeta, hewa hiyo inaweza kubeba takriban wati 40 kwa kila nyuzijoto moja inayopanda. Kompyuta ikitoa wati 450, hewa itatoka ikiwa na nyuzijoto 11 zaidi ya ilivyoingia, hata rejeta iwe kamilifu namna gani. Maji hayavunji hesabu hiyo, wala hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Hata hivyo hoja ya mwenzetu imeishia katikati ya njia. Katika kasha dogo swali gumu ni mahali ambapo hewa na joto vinakutana. Lita moja ya maji hubeba joto mara 3,500 hivi zaidi ya lita moja ya hewa kwa kila nyuzijoto, na ndiyo sababu mpira wenye tundu la milimita 10 unatosha kulitoa joto kwenye kona ambayo upepo haufiki na kulipeleka ubavuni kwenye feni kubwa. Maji yakizunguka kwa lita moja tu kwa dakika na kupokea wati 400, yanapanda chini ya nyuzijoto 6. Kwa hewa, kubeba mzigo huo kwa mpando huo huo wa joto kungehitaji zaidi ya lita 3,000 kwa dakika kupitia pembe hiyo hiyo iliyobanwa.

Historia ya mashine kubwa inaunga mkono usomaji huu. IBM ilitumia maji katika System/360 Model 91 miaka ya 1960, kwa kuwa sakiti zake zilitoa joto jingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1985 sakiti za Cray-2 zilizamishwa kabisa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Kisha katikati ya miaka ya 1990 IBM ikahamishia mashine zake kubwa kwenye teknolojia ya CMOS, iliyotumia umeme kidogo zaidi, na mashine hizo zikarudi kwenye hewa bila ya mtu kuyalilia mabomba. Mwaka 2008 maji yakarejea katika Power 575, kwa sababu joto lilikuwa limesongamana tena, na leo Frontier, kompyuta ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani iliyozinduliwa mwaka 2022, inapozwa kwa maji. Wahandisi hao walihesabu wati kwa ujazo, wakafuata jibu. Mwenye kasha la lita 12 ahesabu vivyo hivyo kila anapounda upya, na asione aibu kuyaacha maji pale hesabu inapoyakataa.

Hesabu hiyo ikifanywa kifaa kwa kifaa, prosesa na kadi ya grafiki hazipati jibu moja. Katika prosesa za AMD za kizazi cha Zen 4, kipande cha silikoni chenye viini vya hesabu kina milimita za mraba 71 hivi. Zikitoka hapo wati 100, kila milimita ya mraba inatoa wati 1.4, na juu yake kuna kifuniko kinene cha shaba ambacho joto lazima likipenye kwanza. Kizuizi kikubwa kiko humo ndani, kabla maji hayajapata nafasi ya kufanya lolote. AMD yenyewe ilieleza kwamba Ryzen 9 7950X ya mwaka 2022 imeundwa kufanya kazi kwenye nyuzijoto 95 inapobebeshwa mzigo mzito. Kipozeo kikubwa zaidi huipa mbio zaidi kidogo, lakini hakiifanyi baridi. Ryzen 7 7800X3D, inayopendwa na wacheza gemu, imepewa kiwango cha wati 120, na ndani ya gemu nyingi hutumia pungufu ya hapo. Kwa prosesa kama hiyo, kipozeo kifupi cha mapezi kinafanya kazi ya kuridhisha. Upande wa kadi mambo yanageuka. Silikoni ya kadi ya Nvidia RTX 4090 ina milimita za mraba 609 hivi na kadi nzima inatoa wati 450, yaani wati zisizozidi 0.74 kwa kila milimita ya mraba, nusu tu ya msongamano wa prosesa yetu, na haina kifuniko: bloku inagusa silikoni yenyewe. Hapa kila nyuzijoto inayopunguzwa kwenye maji inaonekana karibu yote kwenye chipu. Maji yana kazi ya kweli kwenye kadi. Kwenye prosesa mara nyingi ni msindikizaji. Hapo namkubalia mtetezi wa hewa nusu ya kasha.

Hataki nusu. "Mwaka 2017," anaendelea, "kadi ya juu ya wacheza gemu, GTX 1080 Ti, ilikuwa ya wati 250. Mwaka 2022 zikawa wati 450. Mwaka 2025 RTX 5090 imefika wati 575, na Nvidia wenyewe wameipoza kwa hewa katika unene wa nafasi mbili tu za ubao mama. Kama wati 575 zinapoa kwa feni mbili, maji yako yanatetea nini?" Huu ni ushahidi mzito na kazi ya uhandisi inayostahili sifa. Lakini kadi hiyo imefaulu kujipoza yenyewe. Majirani zake hawamo katika hesabu. Feni zake hupitisha hewa katikati ya mapezi ikatokea upande wa pili wa kadi. Katika kasha kubwa hewa hiyo hupanda na kutolewa. Katika kasha la lita 12 inakutana na kipozeo cha prosesa, au na ukuta ulio sentimita chache kutoka hapo, kisha inavutwa tena. Prosesa ambayo tumekubaliana ipozwe kwa hewa inaanza kupumua hewa iliyokwisha kupashwa moto na kadi. Maji yanazitenganisha safari hizo mbili: joto la kadi linapita mpirani hadi kwenye rejeta na kutolewa nje moja kwa moja, na prosesa inabaki na hewa inayoingia kutoka chini ikiwa bado safi. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mililita 400 za maji zikipokea wati 450 bila kutoa chochote, zinachukua zaidi ya dakika moja kupanda nyuzijoto 20. Mzigo wa ghafla wa sekunde chache, ambao kwenye kipozeo cha hewa hufanya feni zipige kelele na kunyamaza kila mara, ndani ya maji unamezwa kimyakimya. Mtu anayehariri video au kuchora picha za pande tatu mezani pake anaithamini tofauti hiyo kuliko nyuzijoto mbili tatu kwenye kioo.

Sauti ya pili ni ya mpatanishi. "Mnagombana bure. Vipo vipozeo vya maji vilivyofungwa kiwandani. Tangu Corsair walipotoa H50 mwaka 2009, iliyotengenezwa na Asetek ya Denmark, mtu hajazi maji wala hakazi viungio. Unafunga skrubu, unawasha, unaendelea na kazi. Kuunda upya kwako kunaisha kwa saa moja." Kwa mwenye prosesa yenye njaa, kama Intel Core i9-14900K inayoruhusiwa kufika wati 253, akiwa na kadi ya wastani, nakubali kwamba huo ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba vipozeo hivyo karibu vyote vinapoza prosesa, kifaa kile ambacho tumeona kinafaidika kidogo zaidi, na vinakalia nafasi pekee ya rejeta katika kasha, huku kadi ikiachwa ijitafutie. Tena havijatengenezwa ili vifunguliwe. Maji hupotea polepole kupitia kuta za mipira mwaka hadi mwaka, na katika vingi rejeta ni ya alumini wakati bamba linalogusa prosesa ni la shaba, kwa hiyo usalama wote umewekwa kwenye dawa ya kuzuia ulikaji iliyochanganywa kiwandani. Dawa ikichoka au pampu ikifa, kitu kizima kinatupwa. Hoja yetu inahusu kuunda upya, na kifaa kisichofunguka kimejitoa chenyewe katika hoja.

Sauti ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa haibishani na fizikia. Ni ya mhasibu. "Nimewasikia. Lakini bloku ya kadi ya grafiki hukatwa kwa umbo la kadi moja. Ukibadili kadi, bloku ni chuma chakavu. Kila uundaji upya unakulipisha bloku mpya juu ya bei ya kadi. Na kwa nini mnahangaika kuziondoa wati 450 wakati unaweza kuiamuru kadi itumie 300? Wati za mwisho zinaleta kasi ndogo kuliko zote. Punguza umeme, nunua feni nzuri, weka fedha zako mfukoni."

Mhasibu yuko sahihi kuhusu mpangilio wa hatua, na nautia katika masharti yangu. Kupunguza umeme kuwe hatua ya kwanza, kabla ya kununua hata kiungio kimoja. Kasi ya chipu haipandi sambamba na umeme wake: karibu na kilele, volteji inaongezwa sana ili kupata megahezi chache, kwa hiyo kadi iliyopunguziwa umeme kwa robo hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake. Kama baada ya kupunguza kadi inatulia chini ya wati 300 na kazi za mwenyewe zinakwenda, napiga kura pamoja na mtetezi wa hewa. Lakini wapo wanaohitaji nguvu yote, mathalani anayefundisha mifumo ya akili unde nyumbani au kuchora picha kwa saa nyingi mfululizo, na hao kupunguza umeme kunawagharimu muda wa kazi. Kwao hesabu ya mhasibu inahitaji safu nyingine. Pampu, tangi, rejeta na viungio vyenye uzi wa kipimo cha kawaida cha G1/4 vinahama kutoka uundaji mmoja kwenda mwingine. Bloku ya prosesa mara nyingi inahitaji vishikizo vipya tu. Pampu ya aina ya D5, iliyobuniwa na Laing, haina sili ya kuzungukia mhimili. Rota yake inazunguka juu ya kijigololi kimoja ndani ya maji yenyewe, na watengenezaji huitajia wastani wa saa 50,000. Kwa matumizi ya saa 8 kwa siku hiyo ni miaka 17. Kinachokufa pamoja na kadi ni bloku moja, na hiyo inauzika pamoja na kadi kwa mtu mwingine mwenye mzunguko wa maji. Kwa hiyo sharti linajiandika lenyewe: bloku inunuliwe kwa kadi ambayo mwenyewe amekusudia kukaa nayo miaka kadhaa. Anayebadili kadi kila inapotoka mpya hana hoja ya kiuchumi ya kutumia maji, na asijifanye anayo.

Mpenda urembo anadai zamu yake, na ukumbi unamshangilia. "Mnazungumza kama mnapanga kiwanda. Watu wanapenda maji kwa sababu yanapendeza: mabomba magumu yaliyokunjwa kwa pembe safi, kimiminika cheupe kama lulu, taa zinazopita ndani yake. Ondoeni hayo na hakuna atakayeunda upya chochote." Sina ugomvi na uzuri, ila naupeleka mbele ya siku ya ufunguaji, kwa kuwa hapo ndipo ankara yake inapowasili. Bomba gumu la akriliki au PETG hukatwa kwa kadi moja na ubao mama mmoja. Kadi mpya ikiwa juu kwa milimita tano tu, mabomba yote yanakatwa upya. Ndani ya kasha la lita 12 mara nyingi bomba moja haliwezi kuchomolewa bila kutoa kwanza pawasaplai, na pawasaplai haitoki bila kutoa bomba. Vimiminika vya rangi nzito vina chembe zilizoelea, na chembe hizo hutua pale ambapo njia ni nyembamba kuliko zote, yaani katikati ya mapezi ya bloku, ambayo nafasi zake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Mipira laini ya plastiki angavu nayo ina kasoro yake: kemikali inayoilainisha hutoka taratibu na kuyapaka mapezi utando. Mpira mweusi wa EPDM hauna tatizo hilo, unajikunja kuzifuata pembe, na unaweza kuchomolewa na kurudishwa. Hauvutii macho dukani. Lakini katika kasha dogo, uzuri unaodumu ni ule wa mpangilio: njia fupi, viungio vichache, koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa ili mzunguko umwagwe bila kufungua kitu kingine chochote. Mzunguko usio na koki ni mzunguko ambao mwenyewe atauahirisha kuusafisha, na uchafu haumsubiri.

Sasa asimame mwenye hofu, maana yeye ndiye wengi wetu. "Maji na umeme havikai pamoja. Hata Apple, kampuni yenye wahandisi wengi, ilitoa Power Mac G5 ya kupozwa kwa kimiminika mwaka 2004, na baadhi ya mashine hizo zikavuja na kuharibika. Wewe mwenye bisibisi ya nyumbani unajiamini nini?" Ni swali la haki, na kuapa kwamba viungio havitavuja si jibu. Jibu ni utaratibu. Mzunguko wa kujiundia una faida moja ambayo mashine ile haikumpa mnunuzi wake: kila kiungio kinaonekana na kinakaguliwa. Katika uundaji upya oringi zote zitazamwe, zilizobapa au kupasuka zibadilishwe. Kabla ya tone la kwanza, mzunguko ujazwe hewa kwa pampu ya mkono yenye geji hadi nusu ya bar hivi, na sindano iangaliwe kwa nusu saa. Ikishuka, kiungio kinatafutwa wakati bado hakuna kilichoharibika. Kisha maji yajazwe na pampu iwashwe peke yake kwa pawasaplai iliyochomolewa kwenye ubao mama na kadi, karatasi laini zikiwa chini ya kila kiungio. Mtu asijidanganye kwamba maji safi hayapitishi umeme. Yanapozunguka kwenye metali huokota ayoni na ulinzi huo huisha. Metali nazo zisichanganywe: alumini ikikutana na shaba ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa. Rejeta ya shaba, bloku za shaba au zilizopakwa nikeli, viungio vya shaba ya njano, na dawa ya kuzuia ulikaji na viumbe vidogo kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kila mwaka mzunguko ukaguliwe. Ukipenda boga, penda na ua lake. Asiyetaka ukaguzi huo amekwisha kujibu hoja kwa upande wake.

Wa mwisho ni msemaji wa pwani yetu, na ana haki ya kusikilizwa kwa kuwa vitabu vya maelekezo vimeandikiwa watu wa nchi za baridi. "Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Februari chumba kina nyuzijoto 31 bila kiyoyozi. Kuna chumvi hewani, umeme unakatika, na viungio vyenu haviuzwi mtaani. Hizo hesabu zinasimama huku?" Zinasimama, ila zinasogea juu. Joto la chumba ni sakafu ya hewa na maji pia. Anayetumia feni anaanzia pale pale 31. Kwa mzigo wa wati 450 na rejeta moja ya feni mbili, maji ya pwani yatakaa katika nyuzijoto arobaini na kitu, pengine kufika hamsini, na hilo linabaki chini ya 60 ambayo watengenezaji wengi wa pampu na mabomba huiweka kama mpaka. Nafasi ya makosa imepungua, na ni sababu nyingine ya kupunguza umeme wa kadi kwanza. Nairobi ina habari yake: iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 20, na feni ile ile inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko, ingawa ubaridi wa mji unalipa deni hilo. Umeme ukikatika, pampu na chanzo cha joto vinazimika kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Vumbi na chumvi hukaa kwenye rejeta, pahali pamoja panapofikika kwa brashi. Maji ya kujazia mzunguko, yaani yaliyokenekwa, yanapatikana popote panapouzwa betri za magari, mradi mnunuzi asome lebo vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Kuhusu viungio msemaji ana haki kamili: lazima viagizwe, pamoja na oringi za akiba, kabla kompyuta haijafunguliwa. Aliyeanza kufungua bila akiba atakaa wiki kadhaa akisubiri mzigo huku vifaa vimelala mezani.

Baada ya kuwasikiliza wote, naona kila mpinzani amechukua kitu. Mtetezi wa hewa amepewa prosesa ya kawaida, na ahadi kwamba maji hayatauzwa kama ubaridi. Mpatanishi amepewa mwenye prosesa yenye njaa na kadi ya wastani. Mhasibu amepewa hatua ya kwanza na mtu mwenye haraka ya kubadili kadi. Mwenye hofu amepewa utaratibu wa majaribio, na msemaji wa pwani amepewa kiasi. Mpenda urembo peke yake ametoka na kidogo, kwa kuwa madai yake ndiyo yanayoongeza kazi kila kasha linapofunguliwa. Lakini hakuna aliyegusa kiini: katika kasha la lita 12, kadi inayobaki juu ya wati 300 hata baada ya kupunguziwa umeme haina njia bora ya kutoa joto lake nje bila kuwachoma majirani zake kuliko mpira mmoja wa maji unaokwenda na mwingine unaorudi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Punguza umeme wa kadi, upime. Ikitulia chini ya wati 300, uza pampu na ufunge feni nzuri. Ikibaki juu ya hapo, na umekusudia kukaa na kadi hiyo miaka kadhaa, rudisha maji: metali ya jamii moja, mpira mweusi, kimiminika kisicho na chembe, koki ya kumwagia, jaribio la hewa kabla ya maji, na ukaguzi wa kila mwaka. Kwa masharti hayo hoja ipite. Bila masharti hayo, nami nitaipinga.